Vipande Vinane vya Mbao: Chekechea Ilianzia Wapi

Katika makaburi ya kijiji cha Schweina, jimbo la Thuringia nchini Ujerumani, pana kaburi lisilofanana na mengine. Juu yake yamepangwa mawe matatu: chini mchemraba, katikati mcheduara, yaani umbo kama la mkebe, na juu kabisa tufe. Asiyejua atadhani aliyelala hapo alikuwa mwashi au mhandisi. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Jina lake Friedrich Fröbel, na maumbo hayo matatu yalikuwa vitu vya kuchezea alivyowatengenezea watoto wa Kijerumani karibu miaka mia mbili iliyopita. Chekechea zote unazozijua zina deni kwake, pamoja na hii yetu ndogo ya Langoni, hapa Lamu, yenye vyumba viwili na kiwanda kimoja, yaani uwanja wa ndani, katikati.

Nimesomesha chekechea katika mji huu kwa muda mrefu, na kuna jambo ambalo limekuwa likiniuma. Wazazi wengi, na walimu wenzangu wengi, wanaamini kwamba chekechea ni darasa la kwanza lililoletwa mapema. Mtoto wa miaka mitatu anapewa kalamu, daftari la mistari na kazi ya kufanya nyumbani. Muhula ukiisha anafanya mtihani, na matokeo yanakuja na nafasi: huyu wa kwanza, huyu wa pili, yule wa mwisho. Mchezo unaachiwa dakika za kunywa uji. Tumelichukua jina na jengo, tukaacha nje kitu ambacho mwanzilishi wake alikiona kuwa ndiyo kazi yenyewe ya mahali hapo. Ndiyo maana naandika haya, na naomba mzazi mwenye mtoto wa PP1 au PP2, yaani madarasa mawili ya kabla ya gredi ya kwanza, anisome mpaka mwisho.

Fröbel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweißbach. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, mwenye waumini wengi wa kuwahudumia na muda mchache wa kukaa na mwanawe. Mama alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka. Baba akaoa tena. Mama wa kambo alimpenda mwanzoni, lakini alipopata mtoto wake mwenyewe akamweka kando huyu wa kambo. Fröbel aliandika ukubwani kuhusu upweke huo, na mimi kila nikiusoma nawaza: huku kwetu mtoto wa aina hiyo angechukuliwa na khalati au na bibi, angelala katikati ya binamu zake, na kila nyumba ya mtaa ingejua amekula nini. Yeye hakuwa na mtaa wa namna hiyo. Aliyatumia maisha yake kuwatafutia watoto wengine kile ambacho yeye alikikosa.

Alihangaika sana kabla ya kukipata. Akiwa na miaka 15 alipelekwa kujifunza kazi kwa bwana misitu. Akasoma chuo kikuu cha Jena, akakatiza kwa kukosa fedha, akafanya kazi hii na ile. Mwaka 1805 alikwenda Frankfurt akitaka kuwa msanifu wa majengo, na huko mkuu wa shule moja akamshawishi aingie darasani. Kuanzia 1808 hadi 1810 alikaa Yverdon, Uswisi, kwa mwalimu mashuhuri Pestalozzi, aliyefundisha kwamba mtoto akione kitu na kukishika kwanza, maneno ya kukieleza yafuate. Baadaye alipata kazi Berlin katika jumba la madini, akipanga mawe ya fuwele. Fuwele hukua kwa umbo lake, pembe kwa pembe, na Fröbel aliyekuwa mcha Mungu aliona katika pembe zile utaratibu mmoja wa Muumba unaopita katika jiwe, mti na mwanadamu. Ukilijua hilo hutashangaa kwamba alipotaka kumpa mtoto kitu cha kuchezea, alimpa tufe na mchemraba.

Mwaka 1837, akiwa amekwisha kuvuka miaka 50, alifungua kituo chake katika mji mdogo wa Bad Blankenburg. Tarehe 28 Juni 1840 akakipa jina la Kindergarten, bustani ya watoto. Si kwamba watoto wadogo hawakuwa na mahali pa kwenda kabla ya hapo. Kule New Lanark, Scotland, Robert Owen alikuwa amefungua shule ya watoto wadogo mwaka 1816 kwa familia za wafanyakazi wa kiwanda chake cha pamba, na alikataa katakata watoto wale wasumbuliwe na vitabu. Nyumba za kuwaangalia watoto mama zao wakiwa kazini zilikuwepo sehemu nyingi za Ulaya. Fröbel aliongeza mambo mawili: vifaa vya mchezo vilivyofikiriwa mmoja baada ya mwingine, na walimu waliofunzwa kwa ajili ya umri huo tu. Tena aliwataka wanawake wasomee kazi hiyo, wakati ambapo wanawake wa kwao walikuwa na kazi chache mno za kusomea.

Bustani aliimaanisha hasa. Kila mtoto alikuwa na kitalu chake, kimeandikwa jina lake, apande anachokitaka. Kuvizunguka vitalu hivyo palikuwa na sehemu ya wote, ambayo watoto waliitunza kwa pamoja. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilitazama kiwanda chetu, kilichozungukwa na kuta za mawe pande zote, nikasikitika, kwa sababu Langoni hakuna mwenye shamba la kugawa. Kisha mzazi mmoja akatuletea madumu ya plastiki. Tukayakata, tukayajaza mchanga na samadi ya punda, ambayo hapa Lamu haijawahi kukosekana. Kila mtoto ana dumu lake la mchicha, na pembezoni tuna madumu ya wote yenye rehani na bamia. Wanamwagilia kwa kata. Anayesahau dumu lake analiona limenyauka na la mwenzake limesimama, na mimi sihitaji kumgombeza. Watoto wa miaka minne huanza wenyewe kuulizana, "Wewe dumu lako umelipa maji?" Hapo wamejifunza sayansi, na wamejifunza kuangaliana, na hakuna aliyeshika daftari.

Sasa niingie kwenye vile vitu vya kuchezea, maana roho ya jambo imo humo. Fröbel aliviita zawadi. Ya kwanza ni mipira sita laini ya sufu, kila mmoja na rangi yake na kamba yake, kwa ajili ya mtoto mchanga. Mama huubembeza mpira mbele yake: upo, haupo, umerudi. Ya pili ni yale maumbo matatu ya kaburini, yakiwa ya mbao. Mchemraba ukiutungika kwa uzi na kuuzungusha kwa kasi, jicho huona mcheduara. Niliwaonyesha watoto jambo hili, wakataka lirudiwe na kurudiwa mpaka uzi ukakatika. Ya tatu ndiyo niipendayo kuliko zote: mchemraba mmoja wa mbao uliokatwa ukawa michemraba midogo minane, ikakaa katika kisanduku chake.

Vya dukani vipo, vinatoka nje, na bei yake haishikiki. Lakini huu ni mji wa maseremala. Nilikwenda kwa fundi anayechonga milango, nikamwambia, "Fundi, nataka vipande vinane, pande zote ziwe sawasawa."

"Vya nini, Mwalimu?"

"Vya watoto kuchezea."

Akavuta kipande cha mvule kilichobaki kwenye kazi ya mtu, akakipima, akakigeuza, akakipima tena. "Vikitofautiana hata kidogo," akasema, "mnara hautasimama." Mimi nilikuwa sijamweleza lolote. Nilipokwenda kuvichukua nilikuta amevipiga msasa pembe zote zisimchome mtoto, na pale kwenye benchi lake alikuwa amevipanga vikawa mlango: nguzo mbili na kizingiti. Mtu mzima, fundi wa milango ya watu, alikuwa amekaa akicheza, na katika kucheza kule alikuwa akifikiri. Fröbel angemwelewa moja kwa moja. Pesa alizikataa.

Vipande hivyo vina adabu yake. Kisanduku hufunikizwa juu ya meza kisha kikanyanyuliwa, ili mtoto auone kwanza mchemraba ukiwa mzima, ndipo autenganishe. Akimaliza anaurudisha ukiwa mzima. Katika kila anachojenga vipande vyote vinane vitumike, kisibaki hata kimoja kimetupwa pembeni kama hakina maana. Akitaka kujenga kingine asivunje alichokijenga, akigeuze kidogo kidogo: kiti kiwe kitanda, kitanda kiwe ngazi. Nilidhani watoto watalikataa sharti hili la kutovunja. Wanalipenda, kwa sababu linawapa kazi ya kufikiri: nikisogeza hiki, kitakuwa nini?

Fröbel alisema mtoto hujenga maumbo ya namna tatu. Kuna ya maisha, kama nyumba, kiti na daraja. Kuna ya maarifa, ambamo mtoto hukutana na nusu, robo, zaidi na pungufu. Na kuna ya uzuri, mapambo yasiyo kitu chochote ila mpangilio unaopendeza. Zote tatu nimeziona kwenye mkeka wetu. Tulikuwa na mtoto wa kiume aliyekataa kalamu kabisa, ukimpa anaificha chini ya mkeka. Alivipanga vipande kwa mstari mrefu, akasema hii gati. Akachukua kiatu chake, akakivuta polepole kutoka mbali. "Mashua yaya!" yaani mashua inakuja. Watoto watatu wakaja kupakua shehena. Mmoja akagawa: vipande vinane, watu wanne, kila mtu viwili. Hakuna aliyewafundisha kugawanya. Walikuwa wakigawana mizigo kama wanavyoona wapagazi wakifanya pale gatini.

Ya uzuri yalinijia kwa msichana mmoja mtulivu. Aliviweka vinne katikati na vinne vikizunguka, kisha akaanza kusogeza kimoja upande huu, na mwenzake upande wa pili, na wa tatu, na wa nne, mpaka lile umbo likafunguka. Nilimtazama kwa muda mrefu. Mtoto wa Lamu anakulia katikati ya mapambo ya namna hiyo. Yamo katika zidaka za ukutani, yamo katika milango iliyochongwa, yamo katika lipu ya majumba ya Mkomani. Amepita mbele yake kila siku akienda dukani kununua chumvi. Tunampeleka shule kumfundisha kuchora duara kwenye daftari, ilhali macho yake yamekwisha kusoma kazi za mafundi wa karne nyingi.

Msanifu wa majengo Frank Lloyd Wright, Mmarekani aliyejenga majumba yanayotembelewa mpaka leo, alichezea zawadi za Fröbel utotoni. Mama yake alizikuta kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876. Akiwa mzee aliandika kwamba vidole vyake bado vilikuwa vikivihisi vile vipande vya mbao.

Mbali na zawadi palikuwa na kazi za mikono: kukunja karatasi, kufinyanga udongo, kushona, kutoboa mapambo kwa sindano, na kusuka vipande vya karatasi vya rangi. Hii ya kusuka sikuhitaji kuiagiza kwa mtu. Wanawake wa Kipungani wanasuka mikeka, na bibi wa mmoja wa watoto wetu anakuja kukaa nasi na miyaa yake. Watoto wanamzunguka. Anawaambia juu moja, chini moja, juu moja, chini moja, na wanaosema naye wanajikuta wanahesabu. Ukili wa mtoto wa miaka mitano hauna umbo la kumuuzia mtu, lakini vidole vile vikija kushika kalamu mwaka unaofuata vina nguvu na utulivu. Hilo nimelishuhudia kwa watoto wengi mno kulitilia shaka.

Bibi huyohuyo, kabla hajaanza kukaa nasi, alikuja siku moja akasimama mlangoni na buibui lake, akatazama watoto wakiwa chini na kombe na vifuu, akaniuliza, "Mwalimu, kwani mjukuu wangu yuwaya huku kuteza tu?"

Nilimkaribisha akae. Swali lake nililipokea kwa heshima, na nalipokea hivyo kutoka kwa kila mzazi, kwa sababu karo ile imetoka kwenye samaki, kwenye mahamri ya alfajiri, kwenye kupakia punda mawe. Na wana hofu ya kweli. Wanasikia kuna shule zinazomfanyia mtoto mahojiano kabla ya kumpokea gredi ya kwanza, anaulizwa asome, aandike, ahesabu mpaka mia. Nikamjibu, "Ndiyo, Bi mkubwa, anacheza. Nikuombe ukae asubuhi moja tu, uniambie mwenyewe anapoteza muda wapi."

Akakaa. Kilichomgeuza hakikuwa hoja yangu. Alimwona mjukuu wake akipanga kombe kutoka dogo hadi kubwa, akakuta mawili yanayolingana, akakwama, akayapima mgongo kwa mgongo, akayaweka pamoja. "Huyu yuwafikiri," bibi akasema. Wiki iliyofuata alikuja na miyaa.

Wapo pia wanaohofia kwamba mchezo unamtoa mtoto katika dini. Lamu ni mji wa elimu. Msikiti wa Riyadha upo hapa, na wanafunzi wametoka mbali kuja kusoma. Watoto wetu wengi wakitoka kwangu jioni wanakwenda chuoni, yaani madrasa ya Kurani, na wana hifadhi ambayo mwalimu wa nchi nyingine angeistaajabia: sura nzima inatoka kinywani mwa mtoto ambaye meno yake ya mbele yameng'oka. Mimi sina ugomvi na chuo, nimelelewa chuoni. Chuo kina kazi yake na kinaijua. Ninachokataa ni chekechea kuiga kukaa safu kwa safu na kuitikia kwa pamoja, ikidhani hivyo ndivyo kila elimu inavyopatikana. Na huyo Fröbel anayedhaniwa na wengine kuwa mtu wa michezo tu alijenga kazi yake yote juu ya imani kwamba kila kiumbe kimeungana na Mungu.

Hilo halikumsaidia alipoonewa. Tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati ule, ilipiga marufuku bustani za watoto, ikisema zinaeneza ukafiri na ujamaa. Ilimchanganya na Karl Fröbel, mtoto wa ndugu yake, aliyekuwa na siasa za mrengo huo na aliyeandika kijitabu kuhusu shule. Mzee alieleza, aliandika barua, hakusikilizwa. Alifariki tarehe 21 Juni 1852, marufuku ikiwa bado palepale. Iliondolewa mwaka 1860. Kila nikifika hapa moyo unanisokota: mtu ametumikia watoto maisha yake yote, anakufa serikali ikimwita hatari.

Walioiokoa kazi yake ni wanawake. Bertha von Marenholtz-Bülow, mwanamke wa ukoo wa kibwana aliyekuwa amemfahamu Fröbel miaka yake ya mwisho, alizunguka nchi za Ulaya akiitetea. Bertha Ronge na mumewe walifungua bustani ya watoto London mwaka 1851. Margarethe Schurz alifungua ya kwanza Marekani mwaka 1856, nyumbani kwake Watertown, Wisconsin, kwa watoto waliozungumza Kijerumani. Elizabeth Peabody akafuata Boston mwaka 1860. Mwaka 1873 Susan Blow alifungua St. Louis ile iliyokuwa ya kwanza kuwa sehemu ya shule za umma za Marekani. Hapo mtoto wa maskini naye aliweza kuingia.

Ubaya nao ulifuata. Walimu wengi waliopokea zile zawadi walizipokea kama amri. Watoto walikaa kwenye meza zenye miraba iliyochorwa, mwalimu akisema: chukueni kipande cha kwanza, kiwekeni kulia, chukueni cha pili. Wote kwa pamoja, umbo moja. Mchezo uliokusudiwa kumfungua mtoto ukawa gwaride, na ilibidi kizazi kingine cha walimu, akiwemo Patty Smith Hill, kipigane kuwarudishia watoto uhuru na vipande vikubwa vya kujengea nyumba wanayoweza kuingia. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma tarehe 6 Januari 1907, alishika njia nyingine, lakini naye alianzia kwenye mikono ya mtoto. Nalitaja gwaride lile kwa sababu ndilo nililolikuta katika madarasa mengi huku. Vifaa vipo rafuni, vimefungwa, vinashushwa mgeni akija kukagua.

Wajerumani wenyewe walifika Lamu. Ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walipewa ardhi na Sultani wa Witu, huko bara karibu na Lamu, mwaka 1885, na mwaka 1888 posta ya Kijerumani ikafunguliwa hapa mjini. Ilifungwa mwaka 1891, na jumba lake ni makumbusho sasa, mwendo mfupi kutoka tunaposomeshea. Wakati stempu zile zikigongwa, Berlin na London zilikuwa zimejaa bustani za watoto. Hawakutuletea. Walikuja kutafuta ardhi na biashara.

Kwetu chekechea zilienea kwa mikono ya wananchi. Baada ya Uhuru vijiji vingi vya Kenya vilizijenga kwa Harambee, wazazi wakichanga mabati na kumlipa mwalimu kile walichokipata. Mwaka 1984 serikali iliunda kituo cha taifa cha kushughulikia elimu ya watoto wadogo. Katiba ya 2010 ikaikabidhi kazi hiyo kaunti, na tangu mtaala mpya uanze kote nchini mwaka 2019 tuna PP1 na PP2. Mtaala huo wenyewe unamtaka mwalimu afundishe kwa mchezo. Imeandikwa. Anayempa mtoto wa miaka minne kurasa tatu za kunakili hakupewa amri hiyo na serikali.

Kazi iliyonigusa zaidi ni ile iliyoanzia Mombasa miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa Pwani walipoomba msaada wa shirika la Aga Khan Foundation kwa ajili ya watoto wao, waliokuwa wakibaki nyuma shuleni. Ndipo zikaja chekechea za madrasa, ambamo mtoto alisoma dini yake na kucheza kwa mpango katika chumba kimoja, na baadaye mfumo huo ukafika Zanzibar na Uganda. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa uleule, wakafunzwa. Vifaa vilikuwa vifuu, kombe, mbegu na vitambaa. Pembe hii ya kupikia, pembe hii ya kujengea, pembe hii ya vitabu. Nilipoziona kwa mara ya kwanza nilijua nitafanya kazi hii mpaka nizeeke.

Fröbel alichapisha mwaka 1844 kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole kwa ajili ya akina mama. Aliwatazama mama wa kawaida wakicheza na watoto wao, akaona kwamba wanafundisha bila kujua. Mama wa Lamu anayemhesabia mwanawe vidole, anayemrusha magotini akimwimbia, anayemwacha aponde kitunguu kidogo kwenye kinu chake mwenyewe, hajapoteza muda. Namwomba tu asiache mtoto anapoanza shule. Tena namwomba asikubali simu ichukue nafasi ile. Watoto wanaoletwa kwangu wakiwa wameshikishwa simu tangu wachanga wanachukua majuma kabla ya kugusa mchanga, na inaniuma kuwaona wakisugua kipande cha mbao kwa kidole wakingoja kiwake.

Wazazi wanaponiuliza wafanye nini, nawaambia waanze na maswali yao ya jioni. Badala ya "Umeandika nini leo?" wamuulize amejenga nini, na nani, na kilianguka wapi. Shule inayowapanga watoto wa miaka mitano kwa nafasi waifuate ofisini, waulize kwa upole nafasi hizo zinampimia mtoto kitu gani. Wakipewa kazi ya nyumbani ya kurasa na kurasa, wairudishe na barua. Mzazi mmoja akifanya hivyo ataonekana msumbufu. Kumi wakifanya, mwalimu mkuu ataitisha mkutano.

Kwa kaunti nina ombi moja. Madarasa mapya ya PP1 na PP2 yanayojengwa yawe na uwanja wenye mchanga na kivuli kabla ya kuwa na lango la chuma, na mwalimu wake alipwe kama mtu aliyesomea kazi, kwa wakati, kila mwezi. Huwezi kumwomba mwanamke awe mpole na mwenye subira kwa watoto thelathini huku akiwaza deni la duka.

Muhula ujao tunataka seti sita zaidi za vipande vinane, ili watoto wawili wawili wapate seti yao. Fundi amekubali kukata bila malipo, mbao ndizo hazitoshi. Mwenye mabaki ya mbao ngumu, yasiyo na rangi wala misumari, ayalete asubuhi kabla ya saa mbili au baada ya alasiri, watoto wakiwa wametoka. Vifuu vikavu tunavihitaji pia, na kombe zisizo na makali. Miyaa tunayo ya kutosha mpaka Ramadhani.